Kabla Birika Halijapiga Mluzi

Mlioniacha wiki jana nimeganda mlangoni na sinia la chai, poleni kwa kusubiri. Hata mimi miguu ilianza kuniuma.

Kwa yule aliyefungia viatu gazeti lile kabla hajalisoma, nitasema kwa kifupi. Mimi ni mfagiaji wa studio ya muziki. Shule niliiacha darasa la tano, na kusema mbele za watu sijawahi kuanza. Kazi hii alinitafutia mama mdogo. Alisema studio ni mahali pazuri kwa mtu kama mimi, maana kule wanaosema ni wengine.

Bosi wangu anaitwa Mtunzi. Jina hilo alijipa mwenyewe, zamani za kanda, alipotunga tangazo la rangi za nyumba. Tangu hapo hajatunga kitu kingine.

Mwanzoni mwa mwaka alinunua programu mpya ya kutungia muziki kwenye kompyuta. Ilikuja na kitabu cha maelezo cha kurasa mia tatu. Mtunzi alikipima uzito mkononi, akakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, kisha akatangaza:

"Programu haisomwi, inachezewa. Kila siku nitatunga kipande kimoja, dakika moja tu, harakaharaka, kizuri au kibaya. Mwaka hautaisha sijaijua yote."

Akabandika ukutani karatasi yenye vyumba, siku moja chumba kimoja, na kalamu ikaning'inia pembeni kwa uzi.

Vyumba vilijaa alama za vema. Kompyuta haikuguswa.

Au tuseme haikuguswa na yeye. Mimi niliingia saa moja asubuhi, nikabandika birika jikoni, nikakaa kwenye mashine. Kila siku nilibonyeza kitufe kimoja nisichokijua, nikaona kinafanya nini, nikatunga nacho. Birika likipiga mluzi, nahifadhi, nainuka, natia majani ya chai. Kilichokamilika kimekamilika. Kisichokamilika, ndivyo kilivyozaliwa.

Siku ya kwanza nilifungua maiki nikashindwa kuifunga, na mlango wa jikoni haujawahi kufungika vizuri. Ndiyo maana kile kipande cha kwanza kiliishia na mluzi wa birika. Nilipojua namna ya kuifunga nilikuwa nimeshauzoea, nikauacha.

Na programu, bila kuniuliza, ikaandika chini ya kila kipande: Mtunzi.

Wiki jana akaja Mama Mwenyekiti wa kamati ya Idara ya Maji. Alitafuta muziki wa kuwawekea watu wanaosubiri kwenye simu. Mtunzi, ili aonekane ana kazi, akabonyeza popote. Kikatoka "Vikombe Sita", kipande changu. Mama Mwenyekiti akafumba macho. Mtunzi akasema, "Hicho kidogo tu, nilikitunga jana."

Hapo ndipo nilipoganda.

Sinia halikuanguka. Kwenye hadithi huanguka, lakini vile vikombe vilikuwa vya watu.

"Hii sauti ya mwisho," Mama Mwenyekiti alisema bado kafumba macho, "hii inayopanda kama mtu anaita kwa mbali. Ni chombo gani?"

Mtunzi alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza, kama yeye.

"Ni chombo cha upepo," akasema.

"Cha wapi?"

"Cha nje."

"Nilijua," akasema bwana mmoja aliyekuja na Mama Mwenyekiti. Huyu aliitwa Mtaalamu, na kazi yake kwenye kamati ilikuwa kujua. "Hiyo ni sauti ya matumaini. Mwananchi akiisikia, hasira zinashuka."

Fundi mitambo wetu, ambaye tunamwita Waya kwa sababu hajawahi kuonekana shingo tupu, akauliza kwa nia njema kabisa, "Kwani wananchi wanasubiri muda gani kwenye simu?"

"Dakika arobaini," akasema Mama Mwenyekiti.

"Si mngewapokea tu?"

"Hilo liko kwenye kamati nyingine."

Nikagawa chai. Hakuna aliyeniangalia. Walikunywa maji ya chombo cha upepo cha nje, wakasifu sukari.

Kabla ya kuondoka, Mama Mwenyekiti akasema kamati inataka vipande kumi na viwili, kila mwezi na chake. Ila kuna sharti. Lazima kamati ishuhudie kimoja kikitungwa, kwa macho.

"Kwa macho?" Mtunzi akauliza.

"Kanuni zetu. Mwaka juzi tuliagiza matangi ya maji kwa kuangalia picha. Mpaka leo tunayaangalia kwenye picha. Tutakuja Ijumaa."

Walipoondoka, Mtunzi akafungua kompyuta akakuta vipande mia moja na kumi na moja, vyote vina jina lake. Akavisikiliza kimoja baada ya kingine. "Ufagio". "Mlango Usiofungika". "Mama Mdogo Kanuna". Nilikuwa napiga deki karibu, nikasikia maisha yangu yote yakipita, dakika moja moja.

"Waya," akasema mwishowe, "hivi, hivi vyote nimetunga mimi?"

"Jina ni lako."

"Mbona sikumbuki?"

"Kipaji kikizidi kinamzidi hata mwenyewe. Au programu inajitungia. Siku hizi mashine haziaminiki."

Mtunzi akafikiri. Habari ya mashine haikumpendeza. "Inawezekana natunga usingizini," akasema. "Mchana nasinzia sana pale kwenye kiti."

Basi, ndugu wasomaji, nikasema. Sijui nguvu ilitoka wapi. Niliegemea fimbo ya deki nikasema, "Ni mimi. Asubuhi. Kabla ya chai."

Walicheka. Na hawakucheka kwa ubaya, jambo ambalo lingenisaidia. Walicheka vizuri, kama watu wanavyomcheka mjukuu anayesema atamuoa bibi yake.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi, binti?" Mtunzi akauliza akifuta machozi.

"La tano."

"Na kitabu cha programu umekisoma?"

"Kiko chini ya meza."

"Haya basi."

"Angesema ni jini," Waya akasema, "ningemwelewa haraka."

Watu wale walikuwa tayari kuamini usingizi, kuamini mashine, hata kuamini jini. Mfagiaji alikuwa wa nne kwenye foleni, na dirisha likafungwa kabla hajafika.

Nyumbani nikamkuta mama mdogo kwenye cherehani, pini mdomoni. Nikamweleza. Alisikiliza bila kusimamisha mguu.

"Ukasema?"

"Nikasema."

"Wakafanyaje?"

"Wakacheka."

"Afadhali. Asiyeaminiwa hafukuzwi." Akatoa pini moja. "Sasa wewe unataka nini hasa?"

"Nataka asubuhi yangu tu, mama mdogo. Ile mashine, kabla hawajaja."

"Na jina?"

Nikaokota uzi sakafuni. Akashona mstari mzima ndipo akasema:

"Mimi magauni yangu yana lebo ya mwenye duka. Nikiyaona njiani nayajua kwa mshono wa kwapa. Juzi nilimfuata mwanamke mmoja mpaka kona, nataka tu kuona limemkaaje mgongoni. Akakumbatia mkoba wake akakimbia."

Akarudisha pini mdomoni. Alikuwa amemaliza.

Kesho yake, saa moja na robo, nilikuwa kwenye mashine. Siku hiyo nilikuwa nimepata kitufe kinachovuta sauti mpaka inakuwa ndefu kama mtu anayejinyoosha. Nikahisi mtu nyuma yangu. Nikageuka. Mtunzi, ambaye hajawahi kufika kabla ya saa nne, amesimama na viatu mkononi.

Nikainuka. Akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Birika likapiga mluzi. Nikahifadhi, nikaenda jikoni, nikatia majani. Akanifuata. Hakuwa anacheka.

"Nani mwingine anajua?"

"Niliwaambia jana."

"Ulituambia, lakini hatukujua." Akaweka viatu chini akavivaa. "Sikiliza, mwanangu. Ijumaa utakaa ndani ya chumba cha kurekodia, pazia limefungwa. Waya atapitisha waya chini ya zulia. Wewe utatunga, mimi nitakaa mbele ya kamati. Ukikubali, asubuhi ni yako siku zote. Sitaingia humu kabla ya saa nne, naapa."

Hicho ndicho kiapo ambacho angekishika bila taabu.

"Na nikikataa?"

Akanyoosha kidole kwenye mlango wa studio. Pale pana tangazo ambalo mimi mwenyewe hulifuta vumbi kila siku: ASIYEHUSIKA AKIGUSA MITAMBO ATAFUKUZWA KAZI.

Nilikubali. Msinilaumu kabla hamjasimama jikoni mwangu.

Alhamisi yote Mtunzi alifanya mazoezi ya mikono mbele ya kioo cha choo. Alijifunza kuinua bega, kufumba macho, kuuma mdomo wa chini, kuitupa mikono juu na kuishusha taratibu kama mtu anayetandika shuka. Waya alimsahihisha. Tangu nianze kazi pale sijawahi kumwona bosi wangu akijituma vile.

Ijumaa wakaja watano. Mama Mwenyekiti mbele, Mtaalamu nyuma yake, na wajumbe watatu ambao kazi yao ilikuwa kukubali. Viti vilipangwa. Ukutani Waya alikuwa ametundika skrini kubwa, ili kila kinachotungwa kionekane. Mtunzi alikaa na kibodi isiyounganishwa popote.

Mimi nilikuwa chumba cha kurekodia, nimevaa hedifoni, pazia limefungwa isipokuwa upenyo mdogo. Maiki ilikuwa jikoni, na Waya amebandika birika, maana kamati ilitaka kusikia chombo cha upepo kikipigwa hapohapo.

"Kiko wapi?" Mama Mwenyekiti aliuliza.

"Kiko chumba cha pili," akasema Mtunzi. "Hakipendi kuangaliwa."

"Nilijua," akasema Mtaalamu.

Nikaanza. Ndani ya kile chumba chenye kuta za sponji nilikuwa peke yangu, na nikiwa peke yangu siogopi mtu. Niliweka mdundo mdogo, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko. Nikauwekea mwingine unaochelewa kidogo. Nikachukua ile sauti ndefu ya kitufe kipya nikaipitisha chini yake. Kwenye upenyo nilimwona Mtunzi. Mikono ilipanda, mikono ilishuka, vidole viliruka kwenye kibodi iliyokufa. Alikuwa mzuri, sitasema uongo. Kama ningekuwa kiziwi ningempa kazi zote.

Mluzi ukaingia masikioni.

Sasa nielewe vizuri, ndugu msomaji. Miezi mitano, kila asubuhi, mluzi ule umeniambia mambo matatu: hifadhi, inuka, chai. Haupitii kichwani. Unaingia sikioni unashukia miguuni.

Nikahifadhi. Programu ikauliza jina la kipande. Huwa naandika kilicho mbele ya macho yangu, kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Nikaandika. Nikainuka, hedifoni zikanishukia shingoni, nikafungua mlango, nikapita mbele ya wajumbe nikiinama, nikasema "samahani", nikaenda jikoni. Nikatia majani. Nikapanga vikombe. Nikarudi na sinia.

Mama Mwenyekiti hakupokea kikombe chake.

Muziki ulishakwisha zamani. Ila Mtunzi alikuwa amefumba macho kama alivyofundishwa na kioo cha choo, na mikono yake ilikuwa bado inatunga.

Mama Mwenyekiti alikuwa anaangalia ukutani. Nikaangalia na mimi. Kwenye ile skrini kubwa, maneno yangu, ambayo kamati nzima iliyaona yakijiandika herufi moja moja huku mikono ya Mtunzi iko hewani: MIKONO MITUPU.

Waya akakohoa. Mtunzi akafungua macho.

"Binti," Mama Mwenyekiti akaniambia, akiutazama waya wa hedifoni unaoburuta sakafuni nyuma yangu, "wewe ni nani hapa?"

"Mfagiaji," nikasema.

"Mwanafunzi wangu," akasema Mtunzi. Sikuamini mtu anaweza kuwa na mbio za aina ile akiwa amekaa. "Nimemfundisha mwenyewe, tangu herufi ya kwanza. Nilitaka kuwashtua wajumbe mwishoni. Huyu ndiye mrithi wangu."

"Nilijua," akasema Mtaalamu.

"Ni kweli, binti?" Mama Mwenyekiti akauliza.

Macho kumi na manne yalinigeukia. Ya Mtunzi yalikuwa yananiomba, nayo siku zote yalizoea kuniagiza. Nikisema ndiyo, asubuhi ni yangu na jina ni lake. Nikisema siyo, asubuhi inakwenda, na hakuna anayejua kama jina litakuja. Nilichoweza ni kutikisa kichwa, kidogo sana.

"Anakataa?" akauliza Mama Mwenyekiti.

"Ni heshima hiyo," akasema Mtunzi. "Mwoga sana, maskini. Mbele za watu hawezi kitu."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kinywani mwake wiki nzima.

Mama Mwenyekiti akachukua kikombe chake kwenye sinia, akanywa, akafikiri. Nikaona anaangalia kikombe, kisha jikoni, kisha kikombe.

"Chombo cha upepo," akasema polepole. "Nimekinywa." Akaweka kikombe chini. "Basi asiseme. Birika lioshwe, litiwe maji baridi. Binti atakaa hapa mbele yetu, si kule ndani. Atunge. Likipiga mluzi na kipande kipo, vyote kumi na viwili vitaandikwa jina lake, na vya nyuma pia. Likipiga mluzi na hakuna kitu, tutajua alikuwa anaburuta waya tu, na kazi ni ya Mtunzi."

Nilidhani Mtunzi atabisha. Akatabasamu.

"Naafiki kabisa," akasema. Akasimama, akanivutia kiti chake mwenyewe, kwa adabu. "Ila naomba wajumbe msogee. Msogee karibu kabisa, mumzunguke, ili muone vidole."

Aliujua ugonjwa wangu kuliko daktari.

Wakasogeza viti. Magoti ya Mtaalamu yakagusa kiti changu. Mjumbe mmoja alikuwa anapumulia sikio langu la kushoto. Waya akachomeka kibodi ile iliyokufa, ikafufuka, na Mtunzi akamnong'oneza neno moja. Waya akaniangalia, akaangalia chini, akaenda jikoni.

Nikasikia bomba likifunguliwa. Siku hiyo lilikuwa na maji, maana wenye Idara walikuwepo.

Mimi hubandika birika zima. Vikombe sita na cha ziada. Muda wa kujaa kwake naujua kwa sikio, kama mama mdogo anavyojua mshono wake wa kwapa. Nikasikiliza maji yakianguka ndani ya bati. Kikombe kimoja. Kikombe cha pili.

Bomba likafungwa. Maji ya vikombe viwili huchemka upesi.

Nikageuka kumwangalia Mtunzi. Alikuwa amekaa nyuma ya wote, miguu imekunjwa, anakunywa chai yangu.

"Anza, binti," akasema Mama Mwenyekiti.

Jikoni kiberiti kikawaka. Nikaitazama skrini nyeupe ukutani, pana kama shuka, na kivuli cha vichwa vya watu juu yake. Nikatafuta kile kitufe cha kila asubuhi. Vitufe nilivijua vyote, na sikukikumbuka hata kimoja.

Birika likaanza kuguna. Mikono yangu ilikuwa bado mapajani.